Mzee aliyehesabu kwa Kiswahili

Ndugu yangu,

Najua habari ulishapata kwa simu lakini ile simu ilikuwa ya kulia tu, netiweki nayo ikakatika, kwa hiyo leo nimekaa hapa barazani Sironko, huku mashariki mwa Uganda, nikuandikie vizuri. Mzee tumemzika Jumamosi, pale kwenye migomba ya chini karibu na mashine ya kumenyea kahawa, alipachagua mwenyewe. Watu walijaa mpaka barabarani. Cheamani wa LC1, mwenyekiti wetu wa kijiji, akaongea karibu saa nzima, eti marehemu alikuwa mpole hajawahi kugombana na mtu, nikamwangalia mama naona anabana kicheko kwenye leso. Mpole! Si wewe ulikuwepo siku anamfukuza yule mnunuzi wa mizani ya uongo, panga mkononi?

Mimi nilitaka wataje hesabu zake. Unakumbuka kwetu kila kitu kilikuwa Lugisu, lugha yetu sisi Wagisu, kugombezwa Lugisu, kusali Lugisu, lakini akianza tu kuhesabu debe za kahawa, moja, mbili, tatu, Kiswahili mpaka mwisho. Sisi tulidhani ni maringo. Kumbe ni mambo ya 1977, enzi za Amin, bei ya kahawa duniani imepanda juu kabisa na huku serikali inampa mkulima vijisenti, basi wao wakawa wanabeba magunia usiku kupitia huko Mlima Elgon mpaka soko la Chepkube upande wa Kenya. Magendo. Ukikutana na wanajeshi njiani unaweza kupigwa risasi. Na pale sokoni lugha ni Kiswahili, ukikosea hesabu gizani umeliwa. Haya yote hakutuambia tukiwa watoto, alianza kuyatoa juzi juzi hapa magoti yalipomkatalia kupanda mlima.

Ila ya 1987 alikuwa anaisema kila mwaka, ile ya kubadilisha pesa. Alikuwa ameuza kahawa, pesa ziko kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, mara redio inatangaza sifuri mbili zimekatwa, na juu ya hapo asilimia 30 inabaki serikalini. Toka siku hiyo pesa ikiingia asubuhi, jioni imeshakuwa mabati, au ndama, au school fees ya muhula ambao haujafika. Bursar wa shule alikuwa anamshangaa. Wasichana ndio aliwalipia kwanza, wazee wenzake wakasema anatupa pesa, na mama alipojifungua kitinda mimba wetu akawa anachota maji mwenyewe, jerikeni begani, wanaume wakamcheka pale kisimani akawaambia na nyinyi leteni jerikeni, wake zenu wamechoka.

Kustaafu kwake sasa, eeh. Alitugawia mashamba akabaki na miti kama 40 ya kuchezea, akatangaza amestaafu, lakini alfajiri unamkuta kwenye shamba LAKO anapunguza vichipukizi, ukimuuliza anasema alikuwa anapita tu. Anapita na mkasi! Nilikuwa naudhika. Wiki hii nimeenda mara mbili kuangalia ile miti yake, vichipukizi vimeshaanza kuota pale alipokata mara ya mwisho, na sijavigusa.

Sasa kitu kilichofanya nikuandikie. Jana mama ametoa madaftari yake, yale ya jalada gumu, tunatafuta kama kuna mtu anamdai. Deni ni moja tu. Desemba 2003, ile vakisheni, likizo ya shule, ulikuja kwetu ukachuma na sisi, ukaondoka ghafla kwa sababu basi lilikuwa linakuacha. Jina lako lipo, ameliandika vibaya, na mbele yake: debe tatu, hajalipwa. Kila daftari jipya amelihamisha hilo deni, mpaka hili la mwaka huu, na mwandiko unatetemeka.

Mama amekataa katakata nisitume kwa mobile money. Anasema uje uzichukue mwenyewe, na malewa, yale machipukizi ya mianzi, atakupikia.

Ndugu yako wa Sironko