Maabara pepe isitufanye tufungie bureti kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja kuhusu maabara pepe, yaani programu za kompyuta zinazoiga majaribio, katika somo la kemia. Shule yenye upungufu wa vifaa ikipata kompyuta na projekta, huamini kwamba tatizo la mazoezi ya vitendo limekwisha. Halijaisha. Lakini wanaozibeza programu hizi nao wanakosea, maana yapo mambo zinayoyaonyesha vizuri kuliko meza ya maabara.

Chukua titresheni, yaani kudondosha asidi kwenye besi kidogokidogo kutoka kwenye bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki) hadi zimalizane. Flaski ina sentimita za ujazo 25 za sodiamu hidroksaidi, ambayo ni besi, ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), bureti ina asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M. Asidi ikifika 24.95, pH (kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi) bado ni 10 hivi, ikifika 25.05, imeshuka hadi 4. Hayo ni kama matone mawili tu! Mezani mwanafunzi huona rangi ya waridi ya fenofthalini, kiashiria kinachotiwa kwenye flaski, ikipotea ghafla, asijue kulikoni. Kwenye skrini anauona mchoro wa pH ukiporomoka, na anaweza kurudia mara kadhaa bila kumaliza asidi ya shule.

Vivyo hivyo asidi kali na dhaifu. Kwa 0.1 M, hidrokloriki ina pH 1 na ethanoiki 2.9, ila kwa macho zote ni kama maji. Programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder zinaonyesha chembe zenyewe: karibu molekuli 99 kati ya 100 za ethanoiki bado ni nzima, hazijaachia hidrojeni yake, na ndiyo maana asidi hii huitwa dhaifu. Mwalimu aeleze tu kwamba molekuli za maji mara nyingi hufichwa ili picha isijae, la sivyo mwanafunzi atadhani asidi inaelea patupu.

Sasa ubaya wake. Bureti ya skrini haina kiputo cha hewa kwenye ncha, wala faneli iliyosahauliwa juu ikidondosha asidi baada ya usomaji wa kwanza. Hakuna anayesoma jicho likiwa juu ya usawa wa kimiminika na kupata namba ndogo kuliko halisi. Bureti halisi ikisuuzwa kwa maji peke yake bila kumaliziwa na asidi, asidi huzimuliwa na ujazo unaohitajika huongezeka. Kwenye programu nyingi kosa hilo haliwezekani kabisa. Mwanafunzi aliyezoea skrini pekee huingia chumba cha mtihani akiwa na nadharia safi na mikono isiyojua kitu.

Kwa hiyo programu itangulie, vifaa vifuate. Mwalimu apakue faili mapema, kwani nyingi za PhET hufunguka bila intaneti. Mwanafunzi asiguse kitufe kabla hajaandika utabiri wake. Bila hivyo kipindi kinageuka mchezo wa kubofya.

Kemikali zikikosekana, bureti moja na maji ya bomba vinatosha kuifundisha mikono: kujaza, kufungua koki kwa kasi kutoa kiputo, kuondoa faneli, kudondosha tone mojamoja, kusoma hadi sentimita za ujazo 0.05. Asidi kidogo iliyopo itunzwe kwa ajili ya wale ambao tayari wanaweza hayo, wafanye titresheni halisi hadi wapate majibu mawili yasiyopishana zaidi ya sentimita za ujazo 0.1.

Mwalimu wa Kemia