Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mengi ya mwaka huu mnayajua. Idi tulikula pamoja, Krismasi vilevile, darasa la Kiswahili la watoto halijalala, na hesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitakaa zaidi kwenye kikundi cha kayaki, ile boti nyembamba ya kupiga kafi, maana ndicho kilichotugombanisha.

Chanzo mnakikumbuka. Baadhi yenu mlitaka fedha za kukodi boti ziende kwa vijana tu. Hoja yenu: mama wa miaka arobaini ambaye hajashika kafi tangu azaliwe atatuletea nini? Kamati iliomba muda. Kiangazi tukapanda treni kutoka Berlin hadi Brandenburg an der Havel, kwenye ziwa Beetzsee, penye uwanja wa mashindano. Katika mji huo ndipo alipozaliwa Birgit Fischer, bingwa wa kayaki, mwaka 1962. Tumeishi Ujerumani miaka yote hii na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulisikia jina lake. Ingekuwa mpira, kila mmoja angekuwa kocha.

Dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki aliichukua Moscow mwaka 1980, kayaki ya mtu mmoja, mita 500, akiwa na miaka 18. Ya mwisho aliichukua Athens mwaka 2004, boti ya watu wanne, akiwa na miaka 42. Kwa jumla ni dhahabu 8 na fedha 4. Na Los Angeles 1984 hakwenda kabisa, kwa sababu Ujerumani Mashariki, nchi yake wakati huo, iliisusia michezo ile pamoja na Umoja wa Kisovieti. Wakubwa wakishaamua, mwanamichezo atasema nini?

Kilichowanyamazisha wabishi wetu ni habari ya uzazi. Alijifungua mwaka 1986, na 1987 akawa bingwa wa dunia tena. Seoul 1988, mbio za mtu mmoja, Vania Gesheva wa Bulgaria alimpita kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini Fischer hakutoka mikono mitupu, alichukua dhahabu kwenye boti ya wawili na ya wanne. Akatangaza kustaafu, akapata mtoto wa pili, kisha huyo Barcelona 1992: dhahabu nyingine na fedha. Baada ya Sydney 2000 akastaafu tena, akarudi tena. Mjumbe mmoja alisema kustaafu kwake ni kama mgeni wa kwetu anavyoaga: keshafika mlangoni, na bado chai inamiminwa.

Katibu aliuliza swali gumu, nami silifichi. Ujerumani Mashariki, kama dola, iliwapa wanamichezo wake dawa za kuongeza nguvu. Je, tumsifu mtu aliyetoka katika mfumo ule? Nilimjibu kwa hesabu. Dola ile ilitoweka mwaka 1990, na dhahabu 5 kati ya zile 8 zilikuja baada ya hapo. Mimi linanitosha, asiyetosheka ana haki yake.

Kisha tukaingia majini. Mwalimu alitueleza kwamba kafi huzamishwa karibu na vidole vya miguu na kutolewa usawa wa nyonga, na nguvu hutoka mguuni, unaposukuma ubao wa mbele. Mikono inafuata tu. Mabwana wawili wenye vifua vipana waliamua kuvuta kwa mikono. Walipinduka kabla hawajaiacha gati, tena kwenye boti pana za kujifunzia. Mama mmoja aliyefunga kanga juu ya jaketi la kuokolea alifika kwenye boya na kurudi mkavu. Majina siyataji, wenyewe wamo humu.

Kwa hiyo kamati inawaomba mpitishe mambo mawili. Kikundi kisiwe na ukomo wa umri, na mwanachama anayejifungua atunziwe nafasi yake mpaka mwenyewe aseme yuko tayari. Vijana wanaotaka mashindano wasiwe na wasiwasi: wa kwenda kushindana atachaguliwa kwa saa ya mkononi, sio kwa cheti cha kuzaliwa. Na wakitaka mfano wa karibuni, wamtazame Lisa Carrington wa New Zealand, aliyefikisha naye dhahabu ya 8 Paris 2024, akiwa na miaka 35.

Ada inabaki ileile. Wanaodaiwa tangu mwaka jana wamwone mweka hazina kabla pilau haijapakuliwa.

Mwenyekiti