Mwalimu wa Kifaransa asikike akizungumza kabla ya kusajiliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu vigezo tunavyowawekea walimu wa lugha za kigeni.

Pale Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu, kuna tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa duka la steshenari. Shule moja ya binafsi inatafuta mwalimu wa Kifaransa. Inataka shahada au stashahada ya ualimu, matokeo ya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa na picha za pasipoti. Awe pia mcha Mungu na mwenye kuweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nimelisoma tangazo lote, hakuna mahali panapouliza kama huyo mtu anazungumza Kifaransa.

Lugha hiyo nimeifundisha mpaka nikastaafu, kwanza Iringa kisha hapa Mbeya. Shule yenyewe siilaumu. Imeorodhesha yale ambayo sote tumezoea kuyaorodhesha, na mwombaji atakayeleta bahasha iliyokamilika ndiye atakayeitwa. Shida ni kwamba bahasha haina sauti.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi sasa kuliko zamani zetu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka Kifaransa, Kiarabu na Kichina kuwa masomo ya kuchagua tangu darasa la tatu. Sisi tuliwapokea watoto wakiwa kidato cha kwanza, ulimi umeshakomaa, wakasoma kwa ajili ya mtihani na yakaisha. Mtoto wa darasa la tatu anabeba kila anachokisikia kwa mwalimu wake, kizuri na kibovu. Na huku kwetu mambo ya lugha si ya mapambo. Malori yanayopita Mbeya kwenda Tunduma mengi yanaishia Lubumbashi, na tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kama sisi. Wakala wa forodha anayeweza kusoma karatasi za Kifaransa zinazotoka Kongo bila kutafuta mkalimani anakula vizuri kuliko mimi na pensheni yangu.

Mwaka jana mwalimu mkuu mmoja aliniomba nikae nyuma ya darasa lake la Kifaransa, nimwambie ninaonaje. Mwalimu ni kijana mwenye shahada. Azimio la kazi lipo, andalio la somo lipo, maandishi ubaoni yananyooka. Siku hiyo walikuwa wakinyambua kitenzi *parler*. Walipofika nafsi ya tatu wingi, *ils parlent*, darasa zima likaitikia kwa nguvu, “il-paa-le-nti!” Kwa asiyejua Kifaransa, zile herufi tatu za mwisho huandikwa tu, hazitamkwi. Watoto hawakulitunga hilo, walikuwa wakimfuata mwalimu. Dawati la dirishani palikuwa na binti mmoja aliyewahi kuishi Lubumbashi, baba yake akiwa dereva wa njia hiyo. Yeye alitamka ipasavyo. Wenzake wakacheka, na mwalimu akamwambia asome kama wengine.

Kipindi kilipoisha nilimsalimia yule kijana kwa Kifaransa na kumwuliza alikosomea. Alitabasamu, akanijibu kwa Kiswahili, “Mama, sisi tulisoma sana sarufi na fasihi. Kuongea hatukupata nafasi.” Jibu hilo silisahau, kwa sababu halina uongo ndani yake. Amefaulu kila karatasi aliyowekewa mezani, akaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, akakaguliwa na wakufunzi. Katika safari yote hiyo hakuna aliyekaa naye robo saa akamwambia, haya mwanangu, tuongee.

Najua wapo watakaorukia upande wa pili na kusema basi vyeti vitupwe, wachukuliwe wanaoijua lugha. Hapo pia nakataa. Soko la Mwanjelwa kuna mama anayeuza vitenge, Mtanzania, amekulia Kongo, Kifaransa chake kinateremka kama maji ya Mto Kiwira. Wazazi wa mtaani kwake wakamwomba awafundishe watoto jioni. Walianza vizuri na nyimbo na maamkizi. Baadaye mtoto mmoja akauliza kwa nini nyumba ni *la* na kitabu ni *le*. Jibu likawa, “Ndivyo tunavyosema.” Mwingine akauliza ajuaje neno asilolijua litachukua lipi, akaambiwa atazoea. Baada ya muda watoto wakawa wanakuja wachache, na mama mwenyewe akaniambia, “Mwalimu, hii kazi si ya kuongea tu.” Mwalimu aliyefunzwa angekuwa na la kuwaonyesha: maneno yanayoishia na *-tion* karibu yote huchukua *la*, yanayoishia na *-age* mengi huchukua *le*. Mambo kama hayo huyapati kwa kuzaliwa Kolwezi.

Sisi Waswahili hili tunalielewa vizuri likitugusa wenyewe. BAKITA inatoa mafunzo kwa wanaotaka kufundisha Kiswahili kwa wageni, na wanaokwenda ni watu waliokiongea tangu utotoni. Hakuna anayeona ajabu. Iweje basi upande wa lugha za wenzetu tupime nusu moja tu?

Nchi nyingine zinapima zote mbili. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake wa kuwaidhinisha walimu, lakini chama cha walimu wa lugha za kigeni cha huko, ACTFL, kina viwango vya kuzungumza ambavyo vyuo vingi vya ualimu hufuata. Mwalimu mtarajiwa anahojiwa na mtahini kwa simu, dakika 15 hadi 30, mazungumzo yakirekodiwa. Wa Kifaransa anatakiwa kufikia ngazi ya juu, japo hatua yake ya kwanza. Wa Kiarabu au Kichina anaruhusiwa kuwa chini kidogo, mwisho wa ngazi ya kati, kwa kuwa mzungumzaji wa Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi kuzimudu lugha hizo. (Hiyo tofauti ni yao. Mtoto wa pwani aliyepita madrasa hahitaji kuhurumiwa kwenye Kiarabu kama kijana wa Ohio, kwa hiyo viwango tujiwekee wenyewe.)

Kwa Kifaransa kuna DELF, cheti cha kimataifa kinachopima ujuzi wa lugha hiyo. Ngazi yake ya juu kabisa, B2, mtahiniwa anapewa habari fupi, anajiandaa nusu saa, kisha anakaa mbele ya watahini kama dakika 20 akitetea hoja yake huku wakimbana. Huwezi kuikariri. Kwa Kichina watu wawe macho: cheti kinachojulikana sana, HSK, kwa miaka mingi madaraja yake ya tatu hadi la sita yamekuwa yakipima kusikiliza, kusoma na kuandika. Kuzungumza kumekuwa na mtihani wake wa pembeni, HSKK. Mwalimu mkuu anayeonyeshwa HSK ya aina hiyo, hata ya daraja la sita, hajaonyeshwa bado kama mwenye nayo anaongea.

Dereva wa lori hapewi leseni kwa kujua alama za barabarani kwenye karatasi. Anapandishwa kwenye usukani, mkaguzi akiwa kiti cha pembeni. Mwalimu wetu wa lugha tunampa darasa la watoto 60 bila kumwona akiendesha.

Sheria hazituzuii. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilishatofautisha mwalimu aliyesajiliwa na mtu aliyepewa leseni ya kufundisha. Tunayo pia Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Ombi langu kwa Bodi ni kwamba anayesajiliwa kufundisha lugha ya kigeni alete, pamoja na cheti cha ualimu, matokeo ya mtihani wa kuzungumza. Yule mama wa Mwanjelwa na wenzake, ambao wanaongea lakini hawajasomea, wapewe leseni ya muda, wawe chini ya mwalimu aliyesajiliwa, na wasome ualimu wakati wa likizo. Leseni ikiisha hawajasoma, isihuishwe. Nao walimu waliomo kazini wasivamiwe. Wapewe muda wa kunoa ulimi kabla ya kupimwa, maana tuliwaajiri wenyewe tukijua tulichokiuliza na tusichokiuliza.

Sekretarieti ya Ajira nayo, kwa kuwa sasa inawafanyia walimu usaili, ihakikishe kwenye meza ya wa Kifaransa kuna mtu anayekijua. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliwahi kusailiwa na shule ya binafsi, ambako jopo lilimwomba ajitambulishe kwa Kifaransa. Aliniambia alipomaliza walimpigia makofi, na kwamba hata angeimba majina ya stesheni za TAZARA wangempigia vilevile.

Imebaki gharama. Vituo vya Alliance Française, vinavyofundisha na kutahini Kifaransa, viko Dar es Salaam na Arusha. Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, hapo bado malazi na ada ya mtihani. Mwalimu wa Makete au Ludewa hatamudu, na akilazimishwa atakopa. Kama Wamarekani wanaweza kuhoji kwa simu, na sisi tunaweza. Au watahini wapande basi waje kukaa wiki moja Mbeya na nyingine Iringa wakati wa likizo ya Juni, walimu wa mikoa ya huku wawafuate hapo. Ada ya mara ya kwanza ilipwe na mwajiri, iwe halmashauri au shule ya binafsi. Anayefeli akitaka kurudia, ajilipie.

Waje na makoti, Juni huku kuna baridi.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya