Barua kwa Mama Baraka: picha uliyoitaka na picha uliyoikataa

Mwanza, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo inatusumbua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa kazini na wewe ulikuwa unafoka. Una hasira na daktari aliyekataa kumpiga Baraka CT ya kichwa, ile picha ya mionzi inayokata vipande vipande kuonyesha ndani, alipodondoka kwenye mwembe. Unasema amewanyima kwa sababu mmekwenda na bima. Hapohapo unaniambia Tunu ameandikiwa eksirei ya kifua na wewe umekataa, eti mionzi inaleta saratani. Mwenzangu, kikubwa umekipigania, kidogo ukakikimbia.

Kila mtu hupata mionzi kila siku kutoka ardhini, kwenye miamba, hewani na angani. Wastani wa dunia ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka; milisiveti ndiyo kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Eksirei moja ya kifua cha mtoto, ikipigwa vizuri, ni sawa na mionzi hiyo ya siku chache tu. CT ya kichwa ni kama milisiveti 2, yaani inakaribia ya mwaka mzima. Ukitaka kuifikia kwa eksirei za kifua, itabidi upige kama mia moja.

Hofu yako yenyewe siidharau. Chembe za mwili wa mtoto bado zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele ambayo madhara yanaweza kujitokeza. Uingereza walifuatilia watu karibu 180,000 waliopigwa CT utotoni na ujanani, matokeo yakatoka mwaka 2012. Makadirio yao: kwa kila watoto 10,000 wa chini ya miaka 10 wanaopigwa CT moja ya kichwa, katika miaka 10 inayofuata ataongezeka mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo. Ni wachache sana, lakini wapo, ndiyo maana CT hatuipigi ili mzazi apate usingizi.

Kuhusu Baraka, mwaka 2009 madaktari wa Marekani walitoa utafiti wa watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa. Waliohitaji upasuaji wa ubongo walikuwa 60. Humo ndimo zilimotoka dalili tunazozitumia sasa: kupoteza fahamu, kuchanganyikiwa, kutapika, kichwa kuuma sana, fuvu kuonyesha limevunjika, au kuanguka kutoka juu zaidi ya mita moja na nusu. Baraka alikuwa na hiyo moja ya mwisho tu. Mtoto wa hivyo anaweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, na ndivyo mlivyofanyiwa, muuguzi akija kummulika macho na kumsemesha mpaka wewe ukachoka. Hicho nacho ni kipimo. Angekuwa anatapika mfululizo au amelegea, ningekuambia kimbieni CT na mionzi msiiulize, kwa sababu damu ikivuja ndani ya fuvu haikupi muda wa kuwaza saratani ya miaka ijayo.

La bima sibishani nawe, mambo ya bima nayajua. Ila hospitali yenye tamaa ya fedha ingempiga picha haraka na bili ikatumwa.

Sasa Tunu, na hapa anayekasirika ni mimi. Ana miaka mitatu, anakohoa wiki ya tatu hii, uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi, na mpangaji wenu wa chumba cha uani ameanza dozi ya TB. Ungoje nini? Mtoto wa umri huo hajui kutoa makohozi, na hata yakipatikana vijidudu huwa vichache, kipimo kinaweza kusema hana wakati anao. Kwa hiyo ile picha ya kifua ina uzito mkubwa. TB kwa mtoto mdogo husambaa upesi, pengine hadi kwenye utando wa ubongo. Mimi kila fomu inapofika mezani najiuliza: picha hii itabadilisha anachokwenda kufanya daktari? Kwa Tunu inaweza kuamua aanze dawa wiki hii au la.

Mpeleke kesho. Na tumbo hilo ulilonalo usiingie chumbani kumshika, aingie baba yake, avae aproni yenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Tunu mvueni cheni na shanga. Baba amshike imara, maana mtoto akitikisika picha hurudiwa na mionzi inakuwa mara mbili. Muulizeni mpigaji, kwa upole, kama mashine ameipunguza kwa kiasi cha mtoto na kama mwanga ameubana uishie kifuani. Anayeijua kazi yake hakasiriki. Na yale maziwa wifi yako anayotaka Tunu anyweshwe akitoka, mpe kwa kuwa ni mtoto. Hakuna cha kusafisha, mionzi ya eksirei haibaki mwilini.

Picha na majibu yake msiyaache hospitali. Akiandikiwa nyingine popote, onyesheni hiyo kwanza.

Nitumie niitazame, ingawa wa kuisoma ni daktari wenu. Wiki hii niko zamu ya usiku, nipigie baada ya saa nane mchana. Nisalimie shemeji, na Baraka mwambie shangazi yake amesema embe zinaangushwa kwa upondo.

Wako,
Zawadi