Kasi ya upepo iandikwe kwenye vinu vya umeme vya nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wenzangu wanaotaka kujiundia au kununua kinu kidogo cha upepo: kabla hujatoa shilingi ya mashine, pima upepo wa pale unapoishi. Mimi ni fundi wa kuchomelea chuma hapa Kariobangi. Tangu bili za stima zianze kuwalemea watu, wateja wa kuniagiza milingoti wameongezeka, na wengi huja na mashine tayari wameshainunua. Hilo huniuma sana.

Soma maandishi ya kwenye katoni. Utaona wati 1,000 kwa herufi kubwa. Chini kabisa, ikiwa imeandikwa, utakuta kuwa wati hizo hupatikana upepo ukivuma mita 12 kwa sekunde. Huo ni upepo wa kutikisa matawi makubwa na kukushinda kushika mwavuli. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nane. Kasi ikishuka hadi theluthi, nguvu inayobaki ni sehemu moja ya 27. Basi upepo wa mita 4 kwa sekunde utakupa wati 37 hivi kutoka kwa mashine ile ile. Hizo ni taa nne ndogo. Tena Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, na nguvu ya upepo hupungua vivyo hivyo.

Mama mmoja wa Umoja alikuja na mwanawe, wakitaka mlingoti mfupi wa kufunga juu ya ghorofa. Niliwakatalia. Upepo ukigonga jengo huvurugika hadi kimo cha mara mbili ya jengo lenyewe, na nyuma yake huendelea kuvurugika kwa umbali wa mara kumi ya kimo hicho au zaidi. Mahali ghorofa zilivyobanana kama Umoja, mashine itayumba huku na kule bila kuchaji chochote, na mtetemo utashuka kwenye slabu hadi kwa mpangaji wa chini. Nilimwambia, "Mama, pesa hizi nunua sola." Hakufurahi, lakini naamini nilimwambia kweli.

Aliye na uwanja wazi kule Kamulu, Kitengela au upande wa Ngong ana nafasi, na vijana wetu wana uwezo wa kumuundia. Mapanga, yaani mabawa yanayozungushwa na upepo, huchongwa kwa mbao. Jenereta ni sumaku kali zilizopangwa kwenye sahani mbili za chuma, katikati kukiwa na koili za waya wa shaba. Stima inayotoka hupitishwa kwenye daiodi, vifaa vya kuifanya ielekee upande mmoja tu, ndipo iingie kwenye betri. Kazi kubwa ni mlingoti. Mapanga yapite kwa mita 10 kitu chochote kilicho ndani ya mita 100, nyaya nne za kuushikilia zifungwe kwenye zege, na chini kuwe na bawaba ili uweze kulazwa wakati wa matengenezo. Ploti ya futi hamsini kwa mia ni kama mita 15 kwa 30. Pigeni hesabu mlingoti wa mita 15 ukianguka utafika kwa nani.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni watu kuuziwa kinu pamoja na kidhibiti chaji cha sola. Paneli ukiikata betri ikijaa, haidhuriki. Kinu ukikikata, hakina tena kinachokizuia, hushika kasi mpaka mapanga yapasuke na kuruka. Kidhibiti cha kinu huhamishia stima ya ziada kwenye koili ya kupasha joto, na nyuma ya mashine huwekwa mkia unaojikunja ili upepo mkali usiyapige mapanga moja kwa moja. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha vitu hivyo viwili, ondoka dukani kwake.

Kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, kabla ya kusimamishwa zile mashine 365 za upepo zenye jumla ya megawati 310, upepo ulipimwa kwa miaka. Mwananchi ambaye anatoa akiba yake yote anahitaji kipimo hicho kuliko kampuni yoyote, lakini hana pa kukipata.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, liwalazimishe wauzaji kuandika kwa herufi kubwa kasi ya upepo iliyotumika kupima wati, pamoja na wati zinazopatikana kwa mita 4 kwa sekunde. Pili, vyuo vya kiufundi vya umma viwe na vipima upepo vya kuazima wananchi, wakae navyo mwaka mzima, msimu wa baridi na wa joto, wanafunzi wakisoma takwimu. Chuo chochote hapa Nairobi kikikubali, mlingoti wa kutundikia kifaa hicho nitauchomelea bila malipo; walete mabomba tu.

Fundi wa kuchomelea,
Kariobangi, Nairobi