Amekaza Tena Baada ya Wiki Moja

"Nimelipa, umemshikashika saa nzima, na wiki haijaisha amekaza vilevile." Maneno haya niliandikiwa na mteja ambaye farasi wake, maksai wa miaka 11, nilimchua mgongo na nyonga. Hakuandika kwa hasira. Alikuwa amevunjika moyo, na hilo liliniuma zaidi kuliko matusi. Wala si wa kwanza. Lalamiko hili hunifikia kwa sura nyingi: kazi haikudumu, mikono ilikuwa laini mno, ada kubwa kwa kazi ya kupapasa. Nimechoka kulijibu nusunusu kwenye simu, nikiwa na kamba ya farasi mwingine mkononi, kwa hiyo nalijibu hapa.

Misuli haikazi bila sababu. Farasi hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Miguu yake ya mbele haikuungwa na kiwiliwili kwa kiungo hata kimoja cha mfupa. Kifua kimening'inia katikati ya mabega kwa misuli na kano tu, kama mtu aliyelala kwenye machela. Na miguu hiyo ndiyo inayobeba karibu asilimia 60 ya uzito wake. Sasa chukua farasi anayeumwa kidogo ukwato wa mbele wa kushoto, kidogo kiasi kwamba wewe humwoni akichechemea. Machela ile huvutwa upande mmoja kutwa kucha. Bega linakaza, shingo inafuata, na mwishowe mgongo unashikilia kila kitu kisiyumbe. Mimi nikija nakuta fundo chini ya tandiko, nalilegeza, naondoka. Ukwato uko palepale. Wiki moja inatosha kabisa kulirudisha fundo.

Kwa maksai huyu sababu haikuwa ukwato. Siku ile niliomba nimwone akitoka mazoezini, tandiko likivuliwa mbele yangu. Mgongo mzima ulikuwa umelowa jasho isipokuwa mahali pawili, kulia na kushoto, nyuma tu ya mwinuko wa mabega, pakavu kama hapakufanya kazi. Upande wa kulia kulikuwa na nywele chache nyeupe. Mahali pakavu katikati ya jasho, mara nyingi, ni mahali palipobanwa hadi tezi za jasho zikashindwa kufanya kazi. Nywele nyeupe ni alama ya ngozi iliyokwisha kuumia huko nyuma. Niliyaandika hayo kwenye kadi ya kazi, nikamwambia mwenye farasi amwite fundi wa matandiko kabla ya kumpanda tena. Aliponiandikia, nilimuuliza fundi alisemaje. Hakumwita. Alinunua kitambaa kinene cha sufu akakiweka chini ya tandiko lilelile.

Ukivaa kiatu kinachobana, soksi ya pili haikisaidii kiatu. Tandiko jembamba likiongezewa unene chini yake linazidi kuwa jembamba, na linapanda juu, linaanza kuyumba, kisha mpandaji anakaza mkanda wa tumbo ili lisiyumbe. Hapo unakuwa umembana farasi pande mbili. Najua fundi wa matandiko si bei rahisi, na najua kitambaa kinapatikana leo leo. Lakini nimeona mwisho wa njia hiyo. Niliwahi kuitwa kwa farasi jike wa kuruka viunzi ambaye chini ya tandiko lake kulikuwa na vitambaa vitatu, kila kimoja kilinunuliwa ili kutibu tatizo lililoletwa na kilichotangulia. Nyuma ya mabega misuli ilikuwa imekonda hadi kukawa na mashimo mawili. Ngumi yangu iliingia. Misuli iliyobanwa muda mrefu hainyimwi nafasi tu, hupungua. Yule jike alikaa miezi mingi bila kupandwa, akifanyishwa kazi ya chini kwa kamba ili ajenge mgongo upya, na mgongo ulipojaa tandiko la zamani halikumfaa tena hata kidogo. Mwenyewe alilipa fundi, akalipa tandiko jingine, akalipa daktari, akanilipa na mimi. Vitambaa vitatu bado anavyo stoo.

Jambo dogo ambalo unaweza kuliangalia leo bila kumlipa mtu: tafuta ubavu wa mwisho kwa vidole, ufuate kwenda juu hadi mgongoni. Farasi ana jozi 18 za mbavu, na tandiko linapaswa kuishia kabla ya pale ubavu wa 18 unapokutana na uti. Nyuma ya hapo ni kiuno, pingili zisizo na mbavu za kuzisaidia kubeba. Tandiko likivuka hapo, usinipigie mimi kwanza.

Njia ya mkato ya pili inanitisha zaidi. Kuna wateja humpa farasi dawa ya kutuliza maumivu asubuhi ya siku ninayokuja, "ili asikusumbue". Nia ni njema, lakini huko kunisumbua ndiyo kazi yenyewe. Nasoma jicho, pua, masikio, mkia, na jinsi ngozi inavyoruka chini ya kidole. Farasi akihama nusu hatua nilipogusa kiuno, hiyo ni sentensi nzima. Ukimpa dawa amenyamazishwa, nami naweza kuegemeza kiwiko mahali ambapo angenikataza. Tafadhali, kama daktari amemwandikia dawa, niambie kabla sijafunga safari, tutapanga siku nyingine. Kama ulimpa mwenyewe, niambie pia. Sitakugombeza. Lakini sitamchua.

Kuhusu mikono laini. "Bonyeza zaidi," huambiwa, "huyu ni mnyama wa kilo 500." Ni kweli, na ni mnyama huyohuyo anayehisi nzi akitua ubavuni na kumtikisa kwa msuli wa ngozi tu. Ukimbonyeza kwa nguvu mara ya kwanza, misuli yote inajikaza kujilinda, na unabaki kupigana na ukuta ulioujenga wewe mwenyewe. Mimi naanza pale farasi wenyewe wanapoanza wanapokunana kwa meno malishoni: pale shingo inapoanzia, karibu na mwinuko wa mabega. Mwaka 1993 watafiti huko Ufaransa walionyesha kwamba farasi akikunwa mahali hapo mapigo ya moyo hushuka. Nikipata utulivu huo ndipo naweka uzito wa kiganja, nasubiri. Wakati mwingine nasubiri dakika nzima sehemu moja bila kusogeza mkono, na kwa anayetazama kutoka mlangoni inaonekana kama nimesimama tu. Kisha kichwa kinashuka, mdomo wa chini unalegea, anatafuna hewa, anapiga miayo, anatoa pumzi ndefu puani. Hapo ndipo ninaposhuka ndani, na hapo ninatumia nguvu ambayo mabega yangu huilipia usiku.

Mteja mmoja aliona kazi hiyo ni ya polepole, akanunua mashine ya kutetemesha misuli ya watu, akampa saisi amalize mwenyewe kila jioni. Saisi alikuwa kijana mtiifu. Aliipitisha juu ya uti wa mgongo kwenyewe, mfupa kwa mfupa, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba juu ya mfupa hakuchuliwi. Nilipoitwa tena farasi alikuwa hakubali mtu amkaribie nyuma ya bega. Ziara tatu za kwanza sikuchua chochote, nilimfundisha tu kwamba mkono wa mtu unaweza kugusa na kuondoka. Ziara zile alizilipia, na zilikuwa za haki.

Ndiyo, tuzungumze ada. Unalipia saa moja ya mikono, lakini kabla mikono haijagusa nimeuliza alifanya nini wiki hii, fundi wa kwato alikuja lini, meno yalikaguliwa lini. Nimemwona akitembea mbali nami na kunijia kwenye ardhi ngumu, nimemwona akigeuka duara dogo pande zote mbili. Nimepima joto na mapigo. Farasi aliyekomaa akiwa ametulia napenda kuona mapigo 28 hadi 44 kwa dakika na joto la takribani nyuzi 37.5 hadi 38.5. Akiwa na homa sichui. Akiwa na jeraha bichi, uvimbe wa moto au ukurutu wa kuambukiza, sichui, na ukurutu ningeubeba hadi kwa farasi wa jirani yako.

Na wakati mwingine unalipia mimi kutomgusa. Niliitwa kwa haraka kwa farasi aliyekuwa "amekaza kiuno". Alikuwa amepumzika siku mbili huku akila nafaka kama siku za kazi, kisha akatolewa shoti. Nilimkuta amesimama kama amepigiliwa misumari, jasho likimchuruzika, misuli ya nyonga migumu kama ubao. Mwenyewe alikuwa anajiandaa kumtembeza ili "ailegeze". Nikauliza kuhusu mkojo. Saisi akasema ulikuwa na rangi ya kahawa. Nikawaomba wasimsogeze hata hatua, nikampigia daktari wa mifugo mimi mwenyewe. Ile rangi ni misuli iliyovunjika ikipita kwenye figo. Kumchua au kumtembeza kungeivunja zaidi. Daktari alifika, farasi akapona. Baadaye nilipotuma ankara ya safari niliulizwa nalipwa kwa lipi wakati sikumshika. Nililipwa kwa kujua nisimshike, na ankara ile sikuipunguza.

Baadhi yenu huniita daktari kwa heshima. Naomba msiniite hivyo. Mimi nachua misuli. Siwezi kutaja ugonjwa, siandiki dawa, sinyooshi mifupa. Farasi anayechechemea anamwona daktari kwanza, mimi baadaye, kwa ruhusa yake. Nasisitiza hili hasa kwa wale wanaosema farasi wao hana maumivu, ana tabia mbaya tu: anauma mkanda ukifungwa, analaza masikio, anapeperusha mkia akiombwa kwenda shoti. Daktari Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walitengeneza orodha ya tabia 24 za kuangaliwa farasi akiwa amepandwa, na farasi anayeonyesha 8 au zaidi kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli au mifupa. Nimechua farasi wengi waliokwisha kuitwa wakorofi. Ni mara chache nimekutana na ukorofi ambao haukuwa na mahali pa kuwekea kidole.

Baada ya kuchuliwa mpe siku moja au mbili za kutembea na malisho. Usimfungie chumbani, na usimpeleke mashindanoni kesho yake kwa sababu leo anaonekana mwepesi. Kwa farasi wa kazi asiye na tatizo, mara moja kila wiki nne hadi sita inatosha, na napenda kuja siku chache baada ya fundi wa kwato, si kabla. Anayekuuzia kila wiki bila sababu, muulize sababu.

Yule mwenye maksai tuliongea mwishowe kwa simu, karibu saa nzima. Nilikiri kwamba neno la tandiko nililiandika kwenye kadi na kulisema mara moja, wakati yeye alikuwa anamfuta farasi na kumjibu mtoto. Sasa jambo la namna hiyo nalituma pia kwa ujumbe, likiwa na picha ya jasho. Ameshaweka miadi na fundi wa matandiko. Nimemwambia asinilipe wala kunipangia siku hadi tandiko liwe limeangaliwa na maksai ametembea wiki mbili bila kupandwa. Kitambaa cha sufu ataniletea nikione. Kama ni kizuri, kitafaa kumfunika akiwa amelowa.