Nzohe na mafunjo yake

Mhariri,

Kapibara, mnyama mgugunaji mkubwa wa Amerika Kusini, ambaye vijana wetu wanampenda kwa picha zake, ana utando kati ya vidole, na macho, masikio na pua yake vimekaa juu kichwani ili aone na kupumua mwili ukiwa majini. Nzohe, swala wetu wa kinamasi cha Mabamba nchini Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, naye ameumbiwa maji: amejaliwa kwato ndefu zinazotanuka asizame matopeni, na akihisi hatari hujitosa majini akabakiza pua tu. Lakini mafunjo, yale matete marefu ya kinamasini, yakifyekwa ili kulima, kwato hizo hizo humponza, kwani kwenye ardhi ngumu hakimbii vizuri. Naomba mipaka ya vinamasi iwekewe alama kabla ya msimu ujao wa kupanda.

Msomaji wenu,
Entebbe